Shamba la Nyumbani Katika Nchi ya Kasulo

Kasulo ni kata moja ya Wilaya ya Ngara, katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi ya Tanzania. Nchi yake ni ya vilima na mabonde, na barabara kuu iendayo kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda, hupita humo. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi, watu waliozoea tangu zamani kulima migomba na maharagwe, na kufuga ng'ombe na mbuzi. Lakini kando ya barabara wako pia watu waliotoka mahali pengine: mwalimu, muuguzi, mwenye duka, fundi wa magari. Watu hao wamejijengea nyumba, na kila nyumba ina kiwanja chake, pengine hatua 30 kwa 40. Mwenye nyumba aweza kuwa hodari sana katika kazi yake, naye asijue hata kidogo la kufanya katika kiwanja hicho. Hukiacha kiote magugu, au hukifagia chote kikawa kitupu kama sakafu, kisha hununua mboga sokoni kila siku.

Mtu huyo akitembelea kiambo cha zamani hustaajabu. Nyumba imezungukwa na migomba minene, na chini yake mna maharagwe, magimbi na maboga, na hapa na pale mbuni au mparachichi. Akichimba kwa kidole huona udongo mweusi, mwororo, wenye ubaridi hata wakati wa kiangazi. Akitoka nje ya migomba hatua chache hukanyaga majani makavu na changarawe nyekundu. Basi husema moyoni, "Wazee hawa walijua kuchagua. Walitwaa ardhi njema, sisi tumeachiwa mabaki." Maneno hayo si kweli, na mtu akiyaamini hatalima kitu.

Huko Bukoba, katika mkoa huo huo, Wahaya huliita shamba la migomba lizungukalo nyumba kibanja, na mbuga ya majani iliyo nje yake huiita rweya. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa udongo, Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani katika milima ya Usambara, alichunguza udongo wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na Bukoba pia. Mwaka 1938 aliandika habari za jambo hili la ajabu, kwamba rutuba nyingi na rutuba haba zakaa jirani juu ya udongo wa asili moja. Kisa chake ni watu. Kwa vizazi vingi ng'ombe walilishwa mchana mbugani, na jioni walirudi kulala nyumbani. Walichokula rweya walikiacha kibanjani. Watu walikata majani huko huko mbugani wakayatandaza chini ya migomba. Maganda ya ndizi, majivu ya mekoni, makapi ya maharagwe, vyote vilitupwa hapo hapo penye migomba. Mbuga ilitoa, kibanja kilipokea. Ile ikazidi kuwa maskini, hiki kikazidi kuwa tajiri.

Tena ng'ombe wakiondoka, kazi hiyo hukatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulienea Afrika ya Mashariki, ukaua ng'ombe wengi mno, na nchi za Kagera hazikuachwa. (Sotoka yenyewe imekwisha, mwaka 2011 ilitangazwa kuwa haipo tena duniani.) Zizi likiwa tupu, migomba hukosa samadi. Mgomba uliokosa samadi haufi mwaka huo huo, bali mikungu yake hupungua kidogo kidogo, hata watoto wa mwenye shamba wakadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Umaskini wa namna hiyo ni mbaya kuliko ule ujao kwa ghafula, kwa maana hakuna aushitukiaye.

Kasulo ina habari yake yenyewe. Mwisho wa Aprili 1994, siku za mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao robo ya milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, katika nchi hii ya Kasulo. Wengine walifuata. Kila jamaa ilihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea kibanda, wala haifai kuwalaumu, maana mtu hawezi kuinjika chungu bila moto. Hata waliporudishwa kwao Desemba 1996, vilima vilivyozunguka kambi vilikuwa vimepoteza miti mingi. Mti ukiondoka, matone ya mvua huupiga udongo bila kizuizi, na udongo wa juu, ulio chakula cha mimea, huchukuliwa kwenda bondeni. Kwa hiyo mtu ajengaye leo upande huo, akikuta changarawe tu, asidhani ndivyo nchi ilivyoumbwa. Pengine udongo wake ulikuwapo, ukaenda. Naye aweza kutengeneza mwingine, kama wazee walivyofanya.

Kazi ya kwanza si kupanda. Kazi ya kwanza ni kusimama mlangoni wakati wa mvua na kuyatazama maji. Mvua za Ngara huanza Septemba au Oktoba, hupungua kidogo mwanzo wa mwaka, kisha huzidi tena mpaka Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mwalimu bora, kwa sababu ardhi ni tupu na kila kijito huacha alama yake. Mwenye nyumba aangalie: maji yaingia kiwanjani wapi, yapita wapi, na yakitoka yana rangi gani. Yakitoka mekundu, ujue kwamba shamba ndilo litokalo.

Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka juu ya paa lake mwenyewe. Hesabu yake si ngumu, na kila mwanafunzi aweza kuifanya kwa paa la kwao. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta maji lita 1. Paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 48. Mvua nzuri ya milimita 20 huliletea paa hilo lita 960, yaani ndoo 48 za lita 20. Hata sehemu moja katika tano ikipotea kwa kurukaruka na kuvuja, zabaki lita 768. Maji hayo yakiachwa yaanguke yatakavyo, huchimba mfereji chini ya ukingo wa paa, huufunua msingi wa nyumba, kisha hushuka na udongo wa uwanja. Yakikingwa kwa mfereji wa bati na kuingizwa katika pipa, ni maji ya kufulia, na ya kumwagilia miche wiki mbili za ukavu zitakapokuja katikati ya mvua. Pipa lifunikwe, mbu wasizaliane ndani yake. Yale yazidiyo yaelekezwe penye migomba, ambayo hunywa maji mengi bila kulalamika.

Kiwanja kikiwa na mteremko, matuta hayana budi kukatiza mteremko huo, yasishuke nao. Wengi hulijua jambo hilo, lakini hupima kwa macho, na macho hudanganya. Kipimo chema hutengenezwa kwa fimbo tatu, uzi na jiwe. Fimbo mbili zilizonyoka, za mita 2 kila moja, hufungwa pamoja juu na kutanuliwa chini kama herufi A. Ya tatu hufungwa katikati kwa kuzikatiza. Juu kabisa hufungwa uzi wenye jiwe, uning'inie mbele ya fimbo ya kati. Kipimo husimamishwa juu ya vigingi viwili, na alama hutiwa pale uzi unapogusa fimbo ya kati. Kisha miguu hubadilishana mahali, na alama ya pili hutiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo uzi unapokaa ikiwa miguu yote miwili iko sawa kwa kimo. Sasa mtu hutembea nacho kukatiza kiwanja, mguu baada ya mguu, akipigilia kijiti kila penye usawa. Mstari wa vijiti mara nyingi hupinda kama nyoka, na mwenye nyumba hushangaa, kwa kuwa alidhani utanyoka. Mfereji huchimbwa kwa kufuata mstari huo, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Katika nchi ya Ukambani, Kenya, matuta ya namna hiyo yamejulikana sana kwa jina la fanya juu. Juu ya tuta hupandwa matete, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulisha mbuzi.

Sasa habari ya uwanja. Kufagia mbele ya nyumba ni desturi njema. Nyoka hapati maficho, na watoto hucheza mahali safi. Lakini ufagio hauna akili. Ukipitishwa kila asubuhi kiwanja kizima, kila siku huondoa vumbi kidogo, na vumbi hilo ni udongo. Ziko nyumba za zamani ambazo kizingiti chake sasa ni kirefu hata mzee hushindwa kukipanda, wala nyumba haikuinuka; uwanja ndio ulioshuka. Basi yatosha kufagia mbele ya mlango, njia, na mahali pa kuanikia. Kwingine pote paachiwe majani mafupi yakatwayo kwa fyekeo, au pafunikwe kwa mimea.

Na takataka za ufagio ziende wapi? Watu wengi huzikusanya jioni na kuzitia moto. Ni kazi ya dakika tano, nayo ni hasara ya mwaka mzima. Majani yakiungua, sehemu kubwa ya chakula cha mimea kilichomo hupanda juu pamoja na moshi. Hubaki majivu machache ambayo upepo utayachukua. Afadhali kuchimba shimo penye kivuli, upana wa mita moja na nusu na kina cha mita moja. Humo hutiwa majani makavu, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, juu yake samadi ya mbuzi au kuku, majivu kidogo, na udongo wa kufunika. Kisha huanzwa tena kwa majani makavu, mpaka shimo lijae. Maji yamwagwe ya kulowesha, yasituame. Fimbo ndefu ichomekwe katikati. Baada ya siku chache fimbo ikichomolewa na kushikwa, huwa ya moto. Hiyo ndiyo dalili kwamba kazi inaendelea ndani. Ikiwa baridi na kavu, shimo lataka maji. Ikiwa baridi na yenye uvundo, maji yamezidi, na majani makavu yaongezwe. Baada ya wiki tatu hupinduliwa, na kwa muda wa miezi mitatu hivi huwa mbolea nyeusi isiyo na harufu mbaya.

Vitu visivyooza, kama vipande vya chupa, betri na plastiki, visitiwe humo kabisa. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, lakini ile ya zamani bado hufukuliwa na majembe, mizima kama ilivyotupwa. Maji yaliyooshea vyombo hufaa kumwagiwa migomba; yasimwagwe juu ya mboga za majani. Samadi mbichi nayo isiwekwe penye miche, maana huichoma mizizi.

Mgomba ndio nguzo ya kiambo. Shimo lake huchimbwa kabla ya mvua, sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho. Udongo wa juu huwekwa upande mmoja, na ule wa chini upande wa pili. Udongo wa juu huchanganywa na ndoo mbili tatu za mbolea na kurudishwa kwanza, karibu na mizizi. Kati ya shimo na shimo ziachwe mita 3. Mwenye nyumba mgeni huona nafasi hiyo kuwa kubwa mno, akapanda kwa mita moja na nusu; baada ya miaka miwili hupata msitu wa majani wenye vikungu kama vidole vya mtoto.

Chipukizi lenyewe lataka kutazamwa kabla ya kupandwa. Ndani ya tunguu mna fukusi wa migomba, ambaye mabuu yake hutoboa njia nyeusi, na katika mizizi mna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo mizizi yote hukatwa na tunguu humenywa mpaka libaki jeupe. Palipotobolewa pakatwe, na likiwa limetobolewa sana litupwe. Kisha hutumbukizwa katika maji yachemkayo kwa sekunde 30. Mtu ahesabu polepole mpaka 30, alitoe. Jambo hili huwatia watu hofu, nao husema kwamba chipukizi litaiva kama ndizi. La, haliivi kwa muda huo. Hufa wale walio karibu na ganda tu.

Mgomba ukikua, shina lisiachiwe watoto wote lizaao. Wakulima huacha vizazi vitatu: mama mwenye mkungu, mtoto, na mjukuu. Wengine hukatwa wakiwa wadogo. Majani makavu na makapi hutandazwa chini, unene wa kiganja cha mkono, ili jua lisikaushe udongo na mvua isiupige. Matandazo hayo yasiguse shina. Karibu nusu mita kulizunguka paachwe wazi, kwa sababu fukusi hupenda kujificha chini ya majani yenye unyevu, na kutoka hapo hadi katika tunguu ni safari fupi.

Mboga hupandwa karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu bustani iliyo mbali husahauliwa. Tuta liwe na upana wa mita 1 tu, mtu aufikie ukati wake kwa mkono bila kulikanyaga. Urefu ni kama apendavyo. Mchicha huvunwa baada ya wiki nne hivi. Mnavu, mgagani, majani ya kunde na ya maboga ni mboga za nchi hizi, nazo hustahimili mambo ambayo kabichi haiyawezi. Ni ajabu kwamba mtu hununua mbegu za kabichi kwa fedha na kung'oa mnavu ulioota wenyewe. Nyanya na vitunguu vyataka kitalu chenye kivuli kwanza. Kumwagilia kufanywe asubuhi mapema au jioni. Kuku ni adui mkubwa wa bustani ndogo, na ugomvi mwingi wa majirani hutoka kwa kuku. Ua wa matete uliosukwa huleta amani kuliko baraza la wazee.

Mpakani, katika sehemu nyingi za nchi za Maziwa Makuu, watu hupanda isale, mmea ambao hata ukikatwa huchipua, na hivyo hushuhudia mpaka miaka mingi. Wengine hupanda minyaa. Ua wake ni mzuri, lakini maziwa yake yakiingia machoni huumiza vibaya na yaweza kupofusha. Mtoto akipatwa aoshwe mara moja kwa maji safi mengi, apelekwe zahanati. Miti mikubwa kama mwembe na mparachichi ipandwe mbali na ukuta, mita 8 au zaidi, wala mkaratusi usipandwe karibu na shamba la nyumbani, kwa kuwa hunywa maji ya majirani zake wote.

Mpaka hapa mambo yote yamehusu kuleta: kuleta maji, kuleta majani, kuleta samadi, kuleta machipukizi. Lakini mikono ile ile ileteyo rutuba huweza kuleta maradhi, na katika Kagera yako maradhi yaliyoletwa hivyo. Ni mnyauko wa migomba, utokanao na vijidudu viitwavyo bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia, ambako mwaka 1968 ulielezwa katika ensete, mmea ulio jamaa ya mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, katika wilaya ya Mukono, kisha ukaenea Kongo ya mashariki na Rwanda, na mnamo 2005 na 2006 ulikuwa umefika Kagera. Mkulima aweza kupoteza shamba zima, na hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliougua.

Dalili zake ni hizi. Majani hunyauka na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, yakageuka manjano. Tumba la zambarau lining'inialo mwisho wa mkungu hukauka na kuoza. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, moja moja, bila utaratibu, na ukizikata ndani huwa na madoa ya rangi ya kutu. Shina likikatwa, baada ya dakika chache hutoka ute mzito wa manjano, kama usaha. Ute huo ndio ugonjwa wenyewe. Mtu akiisha kulikata shina hilo, kisha akaenda na panga lile lile kukata majani ya mgomba wa pili, wa tatu na wa nne, ameipanda mauti katika yote. Naye alidhani anapalilia.

Nyuki na wadudu wengine nao huchukua vijidudu hivyo, kwa kuwa hulitembelea lile tumba la ua kutafuta asali. Kwa sababu hiyo, mara kichana cha mwisho cha ndizi kitokapo, tumba huondolewa. Lisikatwe kwa kisu. Hutumika mti mrefu wenye panda. Panda huliingia bua la tumba, mti huzungushwa, nalo huvunjika. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya kazi hiyo kwa migomba 50 kabla ya kwenda shuleni, na ni moja ya kazi chache za shamba ambazo mtoto huzifanya vizuri kama mtu mzima. Faida nyingine ni kwamba chakula kilichokuwa kikienda katika tumba hubaki katika ndizi.

Panga na kisu husafishwa kila mtu anapotoka shina moja kwenda jingine. Njia rahisi ni moto: makali hupitishwa katika ndimi za moto mpaka yawe ya moto sana yasiguswe kwa mkono. Njia ya pili ni dawa ya kung'arisha nguo iliyochanganywa na maji, ambamo chombo huloweshwa. Watu wengi hutenda hivyo wiki ya kwanza, kisha huchoka. Afadhali kukata majani ya migomba mara chache kwa chombo safi, kuliko kukata kila siku kwa chombo kichafu. Na mbuzi wasiachwe wazunguke penye migomba migonjwa, maana nao huuma hapa na pale.

Jambo gumu kuliko yote ni machipukizi ya jirani. Katika nchi hizi kumpa mtu chipukizi ni kama kumpa chakula, na kumnyima ni aibu. Mgeni huja na kusema, "Shikamoo, mama. Naomba machipukizi mawili ya kuanzia." Mama mwenye busara hujibu, "Marahaba, mwanangu, utapata. Lakini njoo kwanza tuutazame mgomba wenyewe na jirani zake, nisikupe maradhi nikidhani nakupa chakula." Huzunguka pamoja, hutazama majani na matumba, hukata ndizi moja na kuichungua ndani. Ikiwa kuna shina moja lenye dalili katika shamba hilo, hakuna chipukizi litokalo, hata lile lionekanalo zima, kwa kuwa ugonjwa huweza kukaa ndani muda mrefu kabla ya kuonekana. Hapo mwombaji hupaswa kushukuru kana kwamba amepewa. Akikosa kwa majirani wote, aulize kwa afisa kilimo wa kata juu ya miche iliyo safi. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, kimefanya kazi ya migomba kwa miaka mingi.

Mgomba ukiugua katika shamba, haina haja siku hizi kung'oa shamba zima kama watu walivyoambiwa mwanzo. Shina lililo gonjwa hukatwa karibu sana na ardhi mara lionekanapo, na chombo husafishwa. Kisha mwenye shamba hulizungukia shamba kila wiki, akikata kila shina jipya lenye dalili, mpaka zitoweke. Kazi hii huchukua miezi mingi, nayo haifai akiwa peke yake ikiwa majirani zake wameketi, kwa kuwa nyuki hajui mpaka. Mabaki yaliyokatwa yasitiwe katika shimo la mbolea lililoelezwa juu, wala yasiburutwe kupita penye migomba mizima. Yakatwekatwe na kulundikwa mahali pamoja mpaka yaoze. Ikiwa shina lote na tunguu lake limeng'olewa, pasipandwe mgomba hapo kabla ya miezi sita. Kwa muda huo ardhi hiyo hupandwa maharagwe au viazi vitamu, ambavyo havipatwi na ugonjwa huo, na majani ya viazi huufunika udongo mvua zisiuchukue.